Hita ya dizeli kwenye trela la pikipiki: petroli italala wapi?

Msomaji mmoja wa Moshi ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Nina trela lililofungwa pande zote, urefu mita 4.2, upana mita 2.1, ndani mtu anasimama wima. Tunabebea pikipiki nne za wageni, jenereta dogo na madumu ya petroli. Julai tunapanda Njombe, Makete mpaka Matamba, na mimi na fundi wa pikipiki tunalala humo humo maana hema haliwezi ile baridi. Nimeona video za Wamarekani wakifunga hita za dizeli kwenye trela za pikipiki za theluji, nikaagiza ya China ya kilowati 5. Niifunge wapi? Umeme nichukue kwenye gari au niweke betri? Na kule juu itawaka kweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Maswali yako nitayajibu yote. Lakini kuna moja hukuniuliza, na hilo ndilo linaloamua kama nikuelekeze kufunga hiyo hita au nikushauri uiache kwenye boksi lake: usiku mkilala, petroli italala wapi?

Tuanze na hao wa kwenye video, kwa sababu shida yao si yako. Pikipiki ya theluji ina skii mbele na mkanda mpana wa mpira nyuma badala ya magurudumu. Ikitoka porini imeshikwa na barafu kila pembe, na dereva wake kalowa mabuti, makoti na glavu. Hita inawashwa ili barafu iyeyuke, nguo zikauke, na asubuhi mashine isisumbue kuwaka. Nje kunaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na dizeli ya kawaida inaanza kugandisha nta ndani ya bomba, ndiyo maana vituo vya huko vinauza dizeli maalumu ya majira ya baridi. Hilo la nta wewe lisahau kabisa. Baridi ya Makete inauma na alfajiri unaweza kukuta nyasi nyeupe kwa umande ulioganda, lakini dizeli yako haitaganda. Wewe unataka kulala, na mtu aliyelala hanusi harufu wala hakimbii. Trela la kukaushia mabuti linavumilia makosa ambayo trela la kulala watu haliyavumilii.

Sasa petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi ukatokea dirishani. Unatambaa sakafuni na kutuama kwenye pembe za chini kama maji. Hauhitaji kuwa mwingi. Ukifika kama asilimia moja na nusu tu ya hewa ya pale ulipotuama, cheche moja inatosha. Wala haungoji joto: petroli inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati dizeli haifanyi hivyo mpaka ipashwe kupita nyuzi 50. Ndiyo maana tenki la dizeli la hita yako halinitishi. Zinazonitisha ni hizo pikipiki nne.

Pikipiki iliyozimwa haijatulia. Mfuniko wa tenki una tundu la kupumulia, na kabureta ina mrija wake wa kumwagia mafuta yakizidi. Barabara ya mashimo ikiitikisa siku nzima, boya la kabureta linaachia na petroli inadondoka kidogo kidogo sakafuni. Ukiipandisha kutoka Moshi, isiyofika mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hadi kwenye mita 2,000 na zaidi, msukumo wa hewa ya nje unapungua, na kila kilichofungwa kinataka kutoka. Dumu ulilolikaza Moshi utalikuta Makete limevimba tumbo. Halafu ukiwasha hita ndani ya chumba hicho hupashi watu peke yao, unapasha na tenki nne za petroli. Petroli ikipata joto inatanuka, na mvuke unaongezeka usiku kucha huku milango imefungwa kwa ajili ya baridi.

Cheche itatoka wapi? Popote. Swichi ya taa, rilei, chaja ya simu, kiberiti cha mwenzako anayevuta sigara. Hita yenyewe ina mota, na ina plagi inayowaka nyekundu kila inapoanza. Webasto na Eberspächer, kampuni za Ujerumani zilizotangulia kwenye hita za aina hii, wanaandika wazi kwenye vitabu vyao vya maelekezo kwamba hita izimwe kwenye kituo cha mafuta na isitumike mahali ambapo mvuke wa kushika moto unaweza kukusanyika. Trela lenye pikipiki nne na madumu ni mahali pa namna hiyo. Usilione kama chumba kwa sababu tu mna magodoro.

Kwa hiyo sharti langu ni hili, na sina namna ya kulilegeza. Kabla hita haijawashwa, pikipiki zote zinatoka. Jenereta linatoka. Madumu yanatoka na kukaa mbali, si chini ya trela. Koki za petroli zinafungwa, kilichomwagika kinafutwa na hilo tambara linatupwa nje, kisha milango inaachwa wazi nusu saa hata kama mnatetemeka. Kama mtu anasikia harufu ya petroli baada ya hapo, hita haiwashwi usiku huo. Najua utaniambia habari ya wezi. Nunua mnyororo mzito, upitishe kwenye fremu za pikipiki zote na kwenye chasisi ya trela, au egesha kwenye nyumba ya wageni yenye mlinzi. Mnyororo ni rahisi kuliko mazishi.

Nilifikiria kukushauri ugawe trela kwa ukuta, nyuma pikipiki na mbele mlale. Kwa vipimo vyako haitakubali. Pikipiki moja inakula karibu mita mbili za urefu, na kwa upana wako zitaenea tatu kwa kubanana, nne haziingii. Na ukuta wa namna hiyo hauna maana kama si wa kuziba kabisa mpaka sakafuni, bila mlango wa kupenya, huku upande wa nyuma una matundu ya hewa chini kabisa pande zote mbili. Mafundi wengi wataacha upenyo wa waya au wa bomba, na mvuke utapita hapo hapo. Kuzitoa nje ni rahisi zaidi na unaona kwa macho kwamba zimetoka.

Ukilikubali hilo, tuingie kwenye hita.

Ndani ya hilo boksi kuna njia mbili za hewa zisizokutana. Ya kwanza ni ya moto: hewa inavutwa kwa mrija mdogo kutoka nje, inaingia kwenye chemba, inachanganyika na dizeli inayodondoshwa na pampu, inaungua, na moshi unatoka kwa bomba la ekzosi. Ya pili ni ya kwenu: feni inavuta hewa safi, inaipitisha juu ya mapezi ya alumini yaliyozunguka ile chemba, na kuipuliza chumbani ikiwa kavu na ya moto. Ikifungwa vizuri, hamvuti hata chembe ya moshi. Hapo ndipo inapolishinda jiko la mkaa, ambalo kila msimu wa baridi tunasikia limeua watu waliolilaza chumbani. Ikifungwa vibaya, ni jiko la mkaa lenye feni.

Sumu yenyewe ni kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Zitazame tena hizo dalili. Ninyi watu wa Moshi mmekulia na wapagazi na waongoza wageni. Mtu akisema kichwa kinamuuma mahali pa juu, jibu liko mdomoni tayari: ni mwinuko, kunywa maji, lala. Kwenye trela lenye hita jibu hilo ni la hatari. Ukweli ni kwamba huko juu oksijeni imeshapungua, kwa hiyo sumu kidogo inafanya kazi ya sumu nyingi. Wekeni kanuni: mmoja wenu akiumwa kichwa ndani ya trela, wote mnatoka, hita inazimwa, milango inafunguliwa. Kama nje kichwa kinapoa haraka, haikuwa mwinuko.

Na nunua kengele ya kaboni monoksidi. Angalia isiwe ya moshi, maana nyingi zinazotundikwa madukani kwetu ni za moshi na hazitalia kwa gesi hii. Tafuta iliyoandikwa EN 50291-2, hicho ndicho kiwango cha Ulaya kwa magari ya kulala na mashua. Ifunge usawa wa kichwa cha aliyelala, si nyuma ya koti lililotundikwa, na ubonyeze kitufe cha kuijaribu kila jioni. Ukikosa kengele, usilale na hita inawaka. Iwashe saa moja kabla ya kulala, mpashe chumba na nguo, mzime, mjifunike.

Mahali pa kuifunga: iweke nje. Najua video zote zinaionyesha ndani, kwenye pembe ya mbele. Mimi kwa trela linalobeba petroli mchana ningeiweka nje kabisa, mbele, juu ya vyuma vinavyoshikana na gari, ndani ya boksi la bati zito lenye mfuniko. Fundi wa kuchomelea yeyote wa Unga Limited kule Arusha au wa hapo Moshi atakutengenezea. Kutoka kwenye boksi hilo unapitisha bomba moja tu la hewa ya moto kupitia ukuta wa mbele, karibu na sakafu. Hivyo mota na plagi na tenki la dizeli vyote vinabaki nje ya chumba. Na ikitokea bomba la ekzosi limelegea kwa mtikisiko wa barabara, kinachovuja kinavujia nje.

Hewa ya kupasha nayo ichukue nje, usiizungushe kutoka chumbani. Wengi watakupinga kwa sababu ukivuta hewa baridi unatumia mafuta zaidi, na ni kweli. Lakini ukipuliza hewa mpya ndani, chumba kinakuwa na msukumo kidogo kuzidi nje, kwa hiyo kila upenyo unatoa hewa badala ya kuingiza. Pia mnakausha pumzi zenu, ambazo watu wawili usiku mzima hutosha kulowesha bati lote likaanza kudondoka usoni. Sharti ni kwamba mdomo wa kuvutia hewa uwe upande wa pili wa trela na juu, mbali kabisa na ekzosi. Ekzosi ikitoka kulia chini, mdomo uwe kushoto juu. Hizo hita zinazouzwa zikiwa boksi moja tayari zina kasoro hapa: tundu la kuvuta hewa na la moshi yako karibu mno, na upepo ukigeuka zinajivutia moshi wao wenyewe. Ongeza bomba. Na huko nyuma ya trela toboa tundu la kutokea hewa, ukubwa wa kiganja, liwekee wavu, kisha usiruhusu mtu alizibe kwa shati.

Bomba la ekzosi la hita hizi huwa na kipenyo cha milimita 24. Lielekee chini muda wote ili maji ya mvuke yatoke; kama kuna mahali lazima lipinde na kuunda tumbo, toboa kitundu cha milimita 3 au 4 hapo chini. Lisiishie chini ya sakafu katikati. Litokeze mpaka ukingoni, upande usio na mlango. Kile kibirika cha kupunguza kelele kinachokuja nalo mara nyingi kinavuja kwenye mshono, kwa hiyo hakiruhusiwi kuwa mahali popote ambapo moshi wake unaweza kupanda ndani. Bomba hili linaunguza hasa. Lifunge kitambaa cha nyuzi za kioo, na ulipe nafasi kutoka kwa plaiwudi, waya, mpira wa breki na tairi. Midomo yote miwili, wa ekzosi na wa ule mrija mdogo unaopeleka hewa kwenye chemba, isiangalie mbele, la sivyo vumbi na tope la barabarani vitajaa humo kabla hujafika Makambako. Ukisafiri izibe kwa vizibo vyenye utepe mwekundu mrefu, ili usiwashe ukiwa umesahau kuvitoa. Na usiiwashe trela likiwa linakwenda na pikipiki zikiwa ndani. Wapo Wamarekani wanaofanya hivyo, waache.

Jambo jingine la moshi ambalo watu husahau: jenereta. Hita yenu itatoa gesi kidogo sana ukilinganisha na jenereta la petroli lililoegeshwa nyuma ya trela kuchaji simu. Liwe mbali, upande ambao upepo unaondoka kwenu.

Sasa ukubwa. Umenunua kilowati 5, na naona unajivunia. Ngoja nikufanyie hesabu. Kuta zako zote pamoja na dari na sakafu ni kama mita za mraba 43. Bati tupu halizuii kitu. Nje kukiwa nyuzi 3 na ndani ukitaka 18, trela la bati tupu linapoteza kama kilowati tatu na nusu. Ukilibandika ubao wa foam wa milimita 25 ndani, kuta, dari na mlango, upotevu unashuka chini ya kilowati moja. Ukiongeza hewa mnayobadilisha, tuseme kilowati moja na kitu. Maana yake hita ya kilowati 2 ingekutosha, na fedha iliyobaki ungenunulia foam. Arusha na Usa River kuna mashamba ya maua na mboga yenye vyumba vya baridi. Vipande vya paneli vinavyobaki wakijenga au kubomoa ni bora kuliko chochote utakachokipata dukani. Vifunike kwa plaiwudi nyembamba au bati, kwa sababu foam ikishika moto inatoa moshi mbaya.

Kubwa si kosa la fedha tu. Hita ya kilowati 5 kwenye chumba kinachotaka kilowati moja itakaa usiku kucha kwenye kiwango cha chini kabisa, na hapo ndipo inapojipaka masizi. Moto wake unapoa, dizeli haiungui yote, chemba inajaa uji mweusi, na baada ya safari chache haitaki kuwaka. Ukiweza kubadilishana na mtu, badilisha. Ukishindwa, iendeshe kwa akili: iwashe kwa nguvu kabla ya kulala, ishushe usiku, na asubuhi kabla ya kuizima ipandishe juu kabisa kwa dakika 15 au 20 ili ichome masizi yake.

Na usidanganyike na hizo zilizoandikwa kilowati 8. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati-saa 10, yaani ikiungua yote kwa saa moja inatoa kilowati 10. Pampu ya kawaida ya hita hizi inatoa mililita 22 kwa mapigo 1,000. Ikipiga mara 5 kwa sekunde, kwa saa inatoa lita 0.4. Hiyo ni kilowati 4 kabla hata hujatoa joto linaloondoka na ekzosi. Soma kibandiko cha pampu, si rangi ya boksi.

Swali la kuwaka juu lina uzito. Pale Kitulo, jirani na Matamba, uwanda wenyewe uko kama mita 2,600, msukumo wa hewa ni chini kidogo ya robo tatu ya ule wa pwani. Matamba na Makete mko chini ya hapo lakini bado juu ya mita 2,000. Pampu haijui hilo. Inaendelea kudondosha dizeli ile ile iliyopangiwa kiwandani, wakati feni inaleta oksijeni pungufu. Matokeo ni moshi mweusi, masizi, na kaboni monoksidi nyingi zaidi kwenye ekzosi. Baadhi ya vidhibiti vipya vina kipimo cha mwinuko na vinajirekebisha; vingine vina menyu ya fundi inayokuruhusu kupunguza mapigo ya pampu na kuongeza mzunguko wa feni. Kwa mita 2,000 na kidogo, anza kwa kupunguza mafuta kama sehemu moja ya tano, uache feni ilivyo, uangalie. Dalili ya kuungua vizuri ni kwamba dakika chache baada ya kuwaka huoni moshi kabisa, na ukipitisha kidole kwenye mdomo wa bomba likiwa limepoa, unapata kijivu, si weusi wa lami. Usingoje ufike Makete ndipo ujue. Kutoka Moshi panda nayo siku moja upande wa Londorossi, magharibi mwa Kilimanjaro, huko ni zaidi ya mita 2,000, uiendeshe saa kadhaa mchana ukiwa nje unaitazama. Rekebisho la juu likumbuke ukishuka, maana chini itakuwa na mafuta pungufu.

Umeme: weka betri yake. Waya za plagi ya trela zimekusudiwa taa, si hita. Plagi ya kuwashia inavuta kama ampea 10 kwa dakika chache za mwanzo na tena inapozima, kisha hita inatulia kwenye ampea moja au mbili. Shida iko hapo mwanzo. Ukivuta ampea 10 kwa waya wa milimita za mraba 1.5 wenye mita 5 kwenda na 5 kurudi, unapoteza volti 1.2 njiani, hita inaona betri imekufa na inagoma. Ukitumia waya wa 6 unapoteza kama volti 0.3 tu. Malalamiko mengi ya "hita mbovu" yanayoletwa kwangu ni waya mwembamba. Betri ya N70 nzima inatosha usiku bila kufika nusu. Fyuzi iwe karibu na betri, na hiyo betri nayo ikae nje kwenye boksi la mbele, itenganishwe na hita kwa bati. Ichaji kwa paneli ndogo ya sola juu ya paa au kwa waya mnene kutoka gari likiwa linatembea.

Kitu kimoja mwambie mwenzako kwa msisitizo: haizimwi kwa kung'oa terminali. Ukibonyeza kuzima, feni inaendelea dakika kadhaa kupoza chemba. Ukiikatia umeme ikiwa ya moto, joto linabaki ndani na kuyeyusha plastiki na vipimo vyake.

Kwenye mafuta, pampu ifunge karibu na tenki, imeinama, mdomo wa kutolea ukiwa juu ili mapovu yapite. Tupa ule mpira laini wa kijani unaokuja kwenye boksi, tumia bomba gumu la nailoni lenye tundu la milimita 2, na kwenye maungio ncha za mabomba zigusane ndani ya mpira. Povu likikaa hapo, moto unakatika usiku wa manane. Usiku mmoja wa kiwango cha chini utakula lita moja hivi, pengine moja na nusu. Dizeli chukua kituo kinachoaminika. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji wa kuchanganya mafuta ya taa, na nakuchekesha kidogo: hita hizi mafuta ya taa hazichukii, hata zinasafishika kwa kuyaunguza mara moja moja. Kinachoziua ni maji na mchanga, kwa hiyo weka chujio. Kinachowaua ninyi ni mtu kumimina petroli humo gizani akidhani ni dizeli. Tenki la hita liandikwe DIZELI kwa rangi, na dumu lake liwe la rangi tofauti kabisa na ya petroli.

Vipuri vya kubeba: plagi ya kuwashia, kile kiwavu kidogo kinachoizunguka, gasketi na fyuzi. Kiwavu kikijaa masizi hita haiwaki, na kukibadilisha ni kazi ya nusu saa kwa bisibisi, mchana, nje ya trela.